Hujafa Hujaumbika: Somo Juu ya Uti wa Mgongo na Ugonjwa wa Sonona

Mhariri wa jarida letu aliniomba nichague methali moja na kuieleza. Nilichagua "Hujafa hujaumbika", methali ambayo kila mwanafunzi huijua. Katika mtihani niliwahi kuandika kwamba maana yake ni kutomcheka mwenye ulemavu, kwani yaliyompata yeye yanaweza kunipata mimi pia. Mwalimu alinipa alama zote. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa nimeielewa. Aliyenielewesha ni baba yangu mdogo, ambaye ameniruhusu niandike habari zake mradi nisimtaje jina.

"Andika tu," aliniambia. "Lakini usiniandike kama maskini wa Mungu."

Nimejaribu.

Siku ya parachichi

Anayeijua Birongo anajua miteremko yake, migomba, mashamba ya majani chai, na vijia ambavyo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Baba mdogo alikuwa mchumaji wa parachichi, au avokado kama tunavyosema sokoni. Mnunuzi akija, yeye ndiye aliyekuwa akipanda mti na kuchuma huku wengine wakipokea chini. Mwezi wa Aprili, 2022, alipanda mti uliolowa mvua. Matawi ya parachichi huvunjika upesi. Tawi lilikatika, akaanguka chali juu ya mzizi.

Majirani walikuja mbio, na nia yao ilikuwa njema kabisa. Mmoja alimshika makwapa, mwingine miguu, wakamketisha kwenye pikipiki katikati ya dereva na kijana mmoja aliyemkumbatia kwa nyuma. Wakashuka naye mteremko hadi barabarani. Nami nilikuwa nyuma yao, nikibeba viatu vyake.

Hakuna ajuaye kama ile pikipiki iliongeza madhara au la. Lakini hili ndilo somo la kwanza, na naomba ulikariri kama unavyokariri ngeli. Mtu akianguka kutoka juu, au akigongwa na gari, na analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, usimwinue wala usimketishe. Kama hapo alipo hapana hatari nyingine, mwache alale vivyo hivyo, mtu mmoja amshike kichwa kisitikisike, na wengine watafute msaada. Ikiwa hapana budi kumhamisha, watu wanne au zaidi wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, wamlaze juu ya ubao ulionyooka. Hata mlango uliong'olewa unafaa. Aende akiwa amelala, si akiwa ameketi.

Uti na ugwe

Hapa tutofautishe maneno mawili. Uti wa mgongo ni ule mnyororo wa mifupa unaoanzia shingoni hadi kiunoni. Mtu anapozaliwa ni mifupa 33, na baadhi ya ile ya chini huungana anapokua. Ndani ya mifupa hiyo imepita kamba laini, nene kama kidole cha mwisho cha mkono, yenye urefu wa kama sentimita 45 kwa mtu mzima. Hiyo ndiyo inayoitwa ugwe mgongo. Neno ugwe ni la zamani, maana yake ni uzi au kamba.

Ugwe ndio njia ya habari. Ubongo ukitaka mguu uende, amri hupita humo. Mguu ukichomwa na mwiba, taarifa hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ugwe ukijeruhiwa, habari hukatika kuanzia pale kwenda chini. Aliyeumia shingoni aweza kupooza mikono na miguu. Aliyeumia kifuani au kiunoni hupooza miguu. Mfupa uliovunjika huunga, lakini neva za ugwe haziungi vivyo hivyo, na hadi leo hapana dawa ya kuzirudisha zilivyokuwa.

Watu huona miguu tu. Lakini ugwe huongoza pia kibofu, choo, na mambo ya unyumba. Ngozi isiyosikia haijui imekaliwa kwa muda mrefu, basi huoza na kufanya vidonda vya kulalia. Na jambo la ajabu ni kwamba sehemu isiyosikia kuguswa yaweza kuuma usiku kucha, moto kama pilipili. Baba mdogo alipotueleza maumivu ya miguu, sisi tulidhani anatania. Tulijiuliza, utaumwaje na mguu usiousikia?

Safari ya wanadamu na jeraha hili

Kwa muda mrefu jeraha hili lilikuwa hukumu ya kifo. Upo mwandiko wa matibabu wa Misri, wa kama miaka 3,600 iliyopita, unaoeleza vizuri dalili za mtu aliyevunjika shingo, kisha unamshauri mganga kwamba huo si ugonjwa wa kutibiwa. Hali ilikaribia kuwa hiyo hiyo hadi karne ya 20. Wagonjwa wengi walikufa kwa vidonda na maambukizo ya mkojo.

Aliyevunja desturi hiyo ni daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka wa 1939. Mwaka wa 1944 alifungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Lakini hakuishia hapo. Aliona kwamba mwili unaweza kupona vidonda na mtu mwenyewe akabaki amekata tamaa. Kwa hiyo akawapa kazi na michezo. Tarehe 29 Julai, 1948, siku ambayo Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, wagonjwa 16 walishindana kupiga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika Roma mwaka wa 1960, ilitokana na siku ile.

Kwetu Kenya, hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo iko Nairobi, kama kilomita 300 kutoka Kisii. Wenye umri wa wazazi wetu watamkumbuka Zack Kimotho, aliyepigwa risasi na majambazi mwaka wa 2004 akapooza. Mwaka wa 2012 aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu, akisema anaelekea Afrika Kusini kutafuta matibabu, ili Wakenya waone umbali huo na wachange fedha za kujenga kituo hapa nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha hili. Naam, si jambo la mtu mmoja wala la kijiji kimoja.

Alipoacha kufungua redio

Baba mdogo alirudi nyumbani baada ya miezi kadhaa. Mwanzoni boma lilijaa watu. Nyanya alipika obokima na chinsaga, wageni wakaleta sukari na maombi. Wapo walionong'ona kwamba amerogwa na mwenye wivu. Kufikia Krismasi wageni walipungua. Mwaka wa 2023 walikwisha kabisa. Wale aliocheza nao drafti sokoni walipita barabarani wakapunga mkono.

Naye akaanza kubadilika. Yeye ndiye aliyenifundisha kupenda Kiswahili, kwa maana kila jioni tulisikiliza taarifa ya habari kwenye redio yake, na akisikia kosa la mtangazaji alifurahi kama aliyeokota pesa. Sasa redio ilikaa kimya. Nikimwuliza hali, jibu ni lile lile: "Niko tu." Alikataa kunywa maji, kumbe anaogopa kusumbua watu kumpeleka choo. Alikataa kugeuzwa, kidonda kikatokea makalioni. Akawa mkali kwa nyanya, mama yake mzazi.

Mimi niliona ni ukaidi. Nikamwambia, "Baba, jikaze. Kuna watu wana shida kukuliko." Alinitazama tu.

Kisha jioni moja, nikimpelekea chai, alisema polepole: "Mwanangu, afadhali ule mti ungemaliza kazi yake."

Msomaji, nilicheka. Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya. Nikatoka nje, na neno lile sikumwambia mtu kwa wiki tatu nzima. Jambo hili ndilo ninaloliandikia makala haya. Ningeweza kumpoteza katika wiki zile tatu, nami ningekuwa ndiye pekee aliyeambiwa.

Makosa mawili

Ugonjwa uliomshika una jina. Siku hizi wataalamu wa Kiswahili huuita sonona, kutokana na kusononeka. Si huzuni ya siku mbili. Dalili zake ni kukosa raha hata katika mambo uliyoyapenda, kujiona huna thamani, kukata tamaa, hasira, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula, na kufikiria kifo. Zikidumu wiki mbili au zaidi, ni jambo la kumwona daktari.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2013 kwamba kati ya watu wenye jeraha la ugwe mgongo, asilimia 20 hadi 30 huonyesha dalili nzito za sonona. Ziangalie hesabu hizo vizuri, kwa maana zinasahihisha makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la kusema, "Aliyepooza hawezi kuwa na sonona, hayo ni mambo ya wazungu na matajiri." La hasha! Wawili au watatu kati ya kumi ni wengi.

Kosa la pili ndilo letu zaidi: "Amepooza, lazima awe hivyo. Hata ungekuwa wewe!" Hili husemwa kwa huruma, lakini ndilo linalomwacha mtu bila msaada. Saba au wanane kati ya kumi hawako hivyo. Wengi huishi, hufanya kazi, huoa na kuolewa, hucheka. Basi sonona si sehemu ya jeraha. Ni ugonjwa wa pili uliokuja juu ya wa kwanza, na huu wa pili unatibika.

Tena una hila. Mtu mwenye jeraha hili hukosa usingizi kwa maumivu, huchoka kwa sababu ya maambukizo, hupungua kwa sababu ya kidonda. Kwa hiyo dalili za mwilini zaweza kutudanganya. Sikiliza zile za moyoni: ameacha alichokipenda? Anajiona mzigo? Huko ndiko sonona inakojificha.

Maswali mawili ya mhudumu

Hatimaye nilimwambia mama. Mama akamwita mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu. Hakuja na dawa. Alivuta kigoda akaketi, macho yake yakawa sawa na ya baba mdogo. Sisi tulizoea kuzungumza naye tukiwa tumesimama.

Akamwuliza mambo mawili. "Katika wiki mbili hizi, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya jambo lolote? Na ni mara ngapi umejisikia umevunjika moyo, huoni mbele?"

Baba mdogo alinyamaza sana. Kisha akasema, "Kila siku. Yote mawili."

Kisha yule mama akamwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani kumwuliza ni kumpa wazo. Baadaye nilijifunza kwamba sivyo. Kumwuliza mtu kwa upole hakumtii wazo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitua. Baba mdogo alilia, mara ya kwanza tangu aanguke.

Wengi huogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai, kifungu cha 226 cha sheria za adhabu. Mwezi wa Januari, 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwenye mawazo hayo ni mgonjwa, si mhalifu.

Alipelekwa hospitali. Alipewa vidonge, akaelezwa kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na kwamba asiviache mwenyewe. Kidonda na maumivu vilitibiwa pia, kwa sababu maumivu ni kuni za sonona. Na alipangiwa siku za kuzungumza na mshauri. Wapo wanaobeza dawa ya maneno. Lakini huko Zimbabwe, tangu mwaka wa 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza akina nyanya kuketi kwenye benchi na kuzungumza na watu wenye ugonjwa huu, na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba wengi walipata nafuu. Kwa Kishona ugonjwa wenyewe huitwa kuwaza kupita kiasi. Je, si ndivyo nasi tusemavyo, "ana mawazo"?

Kazi iliyobaki ilikuwa yetu. Baba na mimi tulisawazisha njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani, tukamwaga changarawe. Tulipanua mlango wa choo. Tuliteremsha rafu ya vyombo ili ajichukulie kikombe mwenyewe. Baba alikwenda sokoni akawaambia wale wa drafti, "Hajafa. Njooni mcheze." Walikuja wawili. Walisema waliacha kuja kwa kuwa hawakujua waseme nini. Na mnunuzi mmoja wa parachichi, akimjua kuwa mtu wa kweli, alimpa kazi ya kuhesabu kreti na kuandika daftari.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekwisha. Siku mbaya bado zipo, na zikija hutuambia. Lakini redio inalia kila jioni.

Maneno yetu

Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna la kufanya. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na pia ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdharau. Yaani Katiba yenyewe inazungumzia msamiati!

Nilimwambia baba mdogo kwamba maneno kiwete, kipofu na kiziwi yana umbo la ngeli ya KI-VI, kama kiti na kikombe, ndiyo maana yanadharau. Akanijibu, "Na kiongozi je? Na kijana?" Nilikosa la kusema. Akaendelea: "Shida si hiyo ki. Shida ni mtu akisema 'yule kiwete' amemaliza. Hana la kuongeza. Mimi ni ndugu ya babako, ni fundi wa drafti, ni mtu wa daftari. Kupooza ni moja kati ya hayo."

Basi tuseme mtu mwenye ulemavu, mtu aliyepooza. Neno mtu litangulie. Na lile neno "jikaze" tuliweke kando. Badala yake uliza, "Leo moyo uko vipi?", kisha keti usikilize. Ukisikia neno kama lile nililolisikia mimi, usicheke, usilifiche hata siku moja. Mwambie mtu mzima, mwalimu au mhudumu wa afya, na mwenzako usimwache peke yake.

Sasa naielewa methali. Hujafa hujaumbika si onyo tu kwa mwenye miguu mizima. Ni habari njema pia kwa aliyeanguka: maadamu hajafa, bado anaumbika.

Baba mdogo amesoma makala haya kabla ya kupelekwa kwa mhariri. Amesahihisha makosa manne ya tahajia.

Msamiati

Ugwe mgongo: kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo.
Sonona: ugonjwa wa kukosa raha na matumaini kwa muda mrefu.
Kidonda cha kulalia: kidonda kitokanacho na kulalia au kukalia upande mmoja kwa muda mrefu.
Mshauri: mtu aliyefunzwa kumsikiliza na kumsaidia mwenye matatizo ya moyoni.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini aliyeumia mgongo hapaswi kuketishwa kwenye pikipiki.
2. Kwa nini kauli "lazima awe hivyo" ni ya hatari, ijapokuwa imetokana na huruma?
3. Taja mambo matatu ambayo familia ilibadilisha nyumbani. Je, shuleni petu tungebadilisha nini ili mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu afike darasani, maktabani na chooni?
4. "Shida si hiyo ki." Je, unakubaliana na baba mdogo? Toa mifano kutoka Kiswahili na lugha yako ya nyumbani.